Sisimizi wa Aegina na karafuu za Pemba

Agosti ikielekea ukingoni hupanda meli Piraeus, bandari ya Athens huku Ugiriki, mwendo wa saa moja na kitu, nikashuka kisiwa cha Aegina kuvuna pistachio, aina ya njugu za mtini. Wagiriki wanaziita fistiki, na hizi za Aegina jina lake linalindwa na sheria ya Ulaya. Za kwengine haziruhusiwi kulitumia. Tunagonga matawi kwa fimbo, zinamwagika kwenye turubai, mashine inaambua ganda la nje, halafu zinaanikwa juani. Kwenye kuanika ndipo ninapoikumbuka Pemba.

Kwetu mchumaji hulipwa kwa pishi. Usiku watu huzunguka rundo wakichambua karafuu na makonyo, hadithi zinakwenda, anayesinzia anachekwa. Huku nalipwa kwa siku, hatusumbuani, na naweza kushinda kutwa sijatamka neno. Pesa ya huku naipenda, sitaki kusema uongo. Lakini kazi ya kule ilikuwa na watu ndani yake.

Aegina alikuwa binti. Zeus, mkubwa wa miungu ya kale ya Wagiriki, alimwiba kwao akamleta kisiwa hiki, enzi hizo kikiitwa Oenone, kikabaki na jina la binti. Akamzaa Aiakos. Kijana alipokua akajikuta hana watu, basi Zeus akageuza sisimizi wa kisiwani wakawa binadamu. Mgeni hapendi kuikosa hadithi hiyo, inachekesha. Mimi nikitazama nani tuko shambani saa saba mchana, Waalbania, Wapakistani na Mpemba mmoja, sisimizi nawajua.

Ninayemfikiria zaidi ni baba wa binti. Asopos, ambaye ni mto, alimtafuta mwanawe hadi Korintho, na huko Sisyphus, mfalme wa mji, ndiye aliyemtajia mwizi. Alipomfuata, Zeus akampiga radi, akarudi mkondoni mwake. Watu wa kale walisema ndiyo maana makaa yaliokotwa katika mto ule. Mwana kabaki na jina kwenye ramani, mzee kabaki na makaa. Kwetu nako mtu akisafiri huulizwa katuma nini. Mzee wake analalaje, hakuna anayeuliza.

Ijumaa Baba alipiga simu. Mikarafuu ya nyuma ya nyumba imezaa mpaka matawi yameinama, na wachumaji hawapatikani. Hakusema nirudi. Nikamwambia nasikia upepo mkali. Akasema si upepo, ni jamvi analianua, mvua imeshatanda.