Kufuli la Faili ni Hodi Tu

Risiti namba 418 ilitoka mara mbili. Wateja wawili, bidhaa tofauti, namba ileile. Programu ya duka niliiandika mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumsingizia: michakato miwili, yaani programu ileile ikiendeshwa mara mbili kwa pamoja, ilifungua faili la namba kwa wakati mmoja, yote ikasoma 417, yote ikaongeza moja.

Dawa niliijua: flock, njia ya kuomba kufuli la faili kwenye Linux, mfumo endeshi ninaoutumia. Mchakato unaotaka kuandika unaomba kwanza kufuli la pekee. Mwingine ukija, unasubiri zamu yake. Nikaweka, nikalala usingizi mnono. Siku chache baadaye namba zikajirudia. Kumbe kulikuwa na skripti ya zamani ya usiku iliyoandika kwenye faili lilelile bila kuomba kufuli lolote, na Linux haikuikemea.

Neno "kufuli" ndilo linalotuponza. Tunafikiria komeo la chuma, kumbe hii ni hodi tu. Asiye na adabu anapita moja kwa moja. Zamani Linux ilikuwa na kufuli la lazima pia, lililomzuia hata asiyeomba, lakini lilikuwa na mianya yake na waliolitumia ni wachache. Likaondolewa kwenye toleo la 5.15, mwaka 2021. Sikulililia.

Ninalolilalamikia ni kufuli la fcntl, njia nyingine ya kufunga faili, iliyomo kwenye POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix. Kwa upande mmoja ni tamu: unaweza kushika baiti chache tu, wenzako wakaendelea kwingine ndani ya faili hilohilo. Lakini ni mali ya mchakato mzima. Tuseme umeshika kufuli, kisha maktaba ya msimbo uliyoiazima, ndani ya mchakato huohuo, ikafungua faili lilelile, ikachungulia, ikalifunga. Makufuli yako yote juu ya faili hilo yameondoka, kimya kimya, wala hupewi kosa. Nani alikaa akaona hili ni sawa? SQLite, programu ya hifadhidata, inalazimika kuchelewesha kulifunga faili mpaka makufuli yaishe, kwa sababu hiyo tu. Linux 3.15 ya mwaka 2014 ilileta aina inayofungamana na ule ufunguzi wenyewe wa faili, si na mchakato, na kwangu hiyo ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza.

Skripti ya usiku sasa naiendesha kupitia amri ya flock, na nimeipa -w 10: ikikosa kufuli kwa sekunde 10, inaacha kazi na kuandika kwenye logi. Jana iliandika mara moja.