Masomo ya Jamii, Oakland na Old Moshi

Tangu nihamie Oakland, katika jimbo la California, ndugu zangu wa Moshi huniuliza iwapo shule za Marekani zinazishinda za nyumbani, na jibu langu huwa refu kuliko wanavyotarajia. Kuhusu hesabu na sayansi sina la kusema leo. Katika historia, jiografia na uraia, lipo jambo moja ambalo watu wa huku wamelipigania kwa muda mrefu, nasi tunalifanya kwa kusuasua ilhali tuna kila sababu ya kulifanya: kumfundisha mtoto kuanzia pale alipo, historia ya watu wake na maarifa ya nyumbani kwao yakihesabiwa kuwa sehemu halali ya somo.

Huku hawakupewa haki hiyo bure. Novemba 1968 wanafunzi wa chuo cha San Francisco State, wakiongozwa na Wamarekani weusi pamoja na wenzao wenye asili ya Asia na Amerika ya Kusini, waligoma kwa miezi kadhaa wakidai historia za watu wao zifundishwe, na mgomo ulipokwisha Machi 1969 chuo kilikubali kuanzisha kitivo kizima cha masomo hayo. Mwaka 2010 jimbo la Arizona lilipitisha sheria iliyotumika kufuta masomo ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko katika shule za Tucson, na ilichukua hadi 2017 kwa jaji wa shirikisho kuamua kwamba hatua hiyo ilisukumwa na ubaguzi. California nayo ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kumtaka kila mwanafunzi wa sekondari, kuanzia watakaohitimu mwaka wa masomo wa 2029/30, awe amesoma somo la aina hiyo kwa muhula mmoja, lakini ikaifunga kwenye sharti la fedha kutengwa. Siasa za bajeti, naona, hazina uraia.

Faida ya somo hilo niliiona mezani kwangu. Binti yangu alipewa kazi ya kumhoji mzee wa familia kuhusu namna watu wa kwao walivyogawana kitu cha lazima. Akampigia simu bibi yake aliyeko Kidia, kijiji cha Old Moshi, akamwamkia, kisha akanyamaza karibu nusu saa huku akiandika. Bibi alimweleza habari za mfongo, mfereji wa maji wa Wachagga: jinsi maji yalivyotolewa mtoni juu na kuteremshwa kwa mtaro uliochimbwa kwa mkono hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, jinsi kila nyumba ilivyokuwa na zamu yake, na jinsi mtu aliyekwepa siku ya kusafisha mtaro alivyofungiwa maji mpaka alipe faini. Mwalimu wake alitumia maelezo hayo kufundisha darasa zima maana ya mali ya pamoja, utawala na adhabu. Hayo yote yamo katika muhtasari wowote wa uraia, ila safari hii yalikuwa na mwenyewe.

Mpwa wangu, anayesoma sekondari umbali mfupi tu kutoka kwenye mifongo hiyohiyo, alinitumia picha ya daftari lake juma hilohilo. Kulikuwa na kichwa cha habari, sababu tano za Wazungu kuja Afrika, na hoja tano zilizonakiliwa ubaoni. Hoja zote zilikuwa sahihi. Hakuna hata moja iliyotaja kwamba tarehe 2 Machi 1900, hapohapo Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa hapo, pamoja na viongozi wenzake, wakiwamo wa Kimeru na wa Kiarusha, wala kwamba fuvu lake linaaminika kupelekwa Ujerumani na ukoo wake ungali unalitafuta. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu iliyonayo na koo zilizo hai Kilimanjaro. Ukoloni, kwa mtoto wa Kidia, ni shauri ambalo halijafungwa.

Najua pingamizi litakalokuja, na silidharau: tukianza habari za Wachagga Moshi na za Wamaasai Monduli, tutarudisha ukabila ambao taifa hili lilijitahidi kuuzika. Lakini tazama waliouawa pamoja na Meli walikuwa watu wa wapi. Tazama pia kesi ya ardhi ya Wameru, waliohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili walowezi wapewe nafasi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, alikwenda New York kuifikisha Umoja wa Mataifa, na jambo la Wameru likawa fundisho kwa Watanganyika wote. Historia ya mahali, ikifundishwa kwa ukweli, humtoa mtoto nje ya kabila lake. Isitoshe, darasa moja la Arusha mjini lina Mwarusha, Mmeru, Mwiraki, Mpare na Msomali, na mwalimu huenda ametoka Mtwara.

Wala nisiisifu Marekani kupita kiasi. Nje ya somo hilo, Afrika katika kitabu cha binti yangu huanza na meli za watumwa, na mtoto wa Kichagga huwekwa fungu moja na kila mweusi. Nyumbani tuna nafasi ambayo huku hawana: somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoletwa na mabadiliko ya mitaala ya mwaka 2023, linafundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo bibi na mjukuu wanaweza kuhojiana kwayo bila mkalimani.

Kikwazo ninachokiona ni mtihani. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini hatawapeleka Kidia, hata kama ni safari ya asubuhi moja kwa daladala, wakati anajua kwamba swali litakalotungwa Dar es Salaam lazima lijibiwe kwa namna moja Kagera na Lindi. Baraza la Mitihani likitenga sehemu ya alama kwa kazi ya utafiti inayofanywa kijijini kwa mwanafunzi, na Taasisi ya Elimu ikawapa walimu mwongozo wa kuisahihisha kwa haki, shule za Moshi zitaanza muhula unaofuata bila kusubiri kitabu kipya, kwa kuwa wazee wa kuhojiwa bado wapo.