Ufunguo Haukutoka

Mke wangu alitoa sharti moja tu: mashine ya kukimbilia tutakayonunua isigeuke kamba ya kuanikia nguo kabla mwaka haujaisha. Mimi ndiye wa kukimbia, yeye wa kutembea, na hakuna kati yetu anayepeperushwa na upepo. Basi nikasoma habari za mashine hizo mpaka nyumbani wakanikimbia.

Dukani kijana muuzaji alitupokea kwa bashasha. "Hii ina nguvu za farasi 4, mzee!"

"Nne za kilele au nne za kudumu?"

Akatazama juu kama jibu liko darini. Hapo ndipo wateja wengi wanapoliwa. Nguvu ya kilele mota huigusa kwa muda mfupi tu, haikai huko. Ya kudumu ndiyo itakayokubeba nusu saa nzima bila harufu ya kuungua. Kwa kutembea, 2 za kudumu zinatosha. Mkimbiaji atafute 3 kwenda juu, hasa mkimbiaji wa ujazo wangu. Na kutembea nako msikudharau. Mtu mzito akitembea polepole anaukandamiza mkanda kila hatua, na mota nyingi feni yake imefungwa humohumo: mota ikizunguka taratibu, feni nayo inajivuta, joto linapanda. Nilimweleza kijana yote haya. Mke wangu akatafuta kiti.

"Inabeba kilo 120," kijana akajitetea.

Mke wangu akalitazama tumbo langu. "Tafuta inayobaki na akiba."

Nikaishika mikono ya mashine, nikaitikisa. Fremu ilitulia. Nikatoa futi kamba niupime mkanda, kijana akanikatiza: "Panda ujaribu, mzee! Mashine hainunuliwi kwa maneno." Nikamkabidhi mke wangu ile futi, nikapanda. (Mwaka 1818 huko Uingereza, mhandisi William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyaga ili wafungwa wasikae bure. Sisi tunajipeleka wenyewe, na risiti tunadai.)

Kabla ya kuwasha nikauliza ufunguo wa usalama. Ni kile kidude chekundu chenye kamba: kibanio unakibana nguoni, ukiteleza kamba inauchomoa ufunguo, mashine inazimika. Ulikuwepo, mahali pake kabisa. Nikabana kibanio kwenye kiuno cha suruali ya michezo, niliyoivaa makusudi kwa majaribio hayo.

Kilomita 4 kwa saa, raha. Nane, bado raha, nikaanza hata kumpa kijana mawaidha kuhusu silikoni ya kulainishia mkanda, kwamba mafuta mengine yanauharibu. Nadhani mawaidha ndiyo yaliyomchosha. "Tuichangamshe kidogo," akasema, akabonyeza 12.

Mwendo ulipoongezeka, hatua zangu nazo zikarefuka. Mguu wa kulia ukarudi nyuma kuutafuta mkanda, ukakuta mkanda umeishia. Nikaketi sakafuni kwa kishindo, miguu ikiielekea mashine.

Kamba ikakaza, inavyotakiwa. Kibanio kikashika, inavyotakiwa. Ufunguo haukutoka. Kilichotoka ni suruali.

Iliteremka mpaka kwenye vifundo, ikanifunga miguu, na mashine haijali, mkanda unaendelea kuzilamba soli za viatu vyangu. Duka zima likaiona boksa yangu yenye vikatuni vya bata.

"Ile boksa si nilikwambia uitupe?" mke wangu akauliza, bado kakaa.

Kijana alipata kitufe cha kuzima baada ya kubonyeza vingine vyote, kikiwemo cha kupandisha mlima. Kisha akaukwangua ufunguo kwa kucha, na hapo nikaelewa: ulikuwa umezungushiwa selotepu tabaka juu ya tabaka.

"Watoto wa wateja wanauchukua, mzee. Tukaona tuugandishe."

Sikuwa na neno. Yeye alikuwa nalo: "Lakini umeiona fremu? Umeanguka mzima mzima na haijatikisika!"

Ilikuwa kweli, na ndicho kilichoniuma zaidi.

Mke wangu akanyanyuka hatimaye, akapita juu ya miguu yangu, akainama na futi kamba. "Sentimita 118."

"Ah, hiyo ni ya kutembea tu, mama," kijana akasema, bila aibu hata chembe. "Kwa kukimbia watu warefu wanachukua ya 150 hivi."

"Tuonyeshe hiyo ya 150," mke wangu akamwambia. "Na hiyo selotepu usiitupe, tumfungie suruali."