Kabla ya AFCON 2027 tuongelee mageti kwanza

Kila AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ikitajwa watu wanakimbilia viwanja, wa Arusha umefikia wapi, Talanta ya Nairobi itabeba watu 60,000, Hoima je, na sipingi maana bila uwanja hakuna mechi. Ila kwa tulichokiona kwenye CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, hiyo tuliyoandaa Kenya, Uganda na Tanzania kama mazoezi ya AFCON, hofu yangu mimi haipo kwenye nyasi wala kwenye viti, ipo getini.

Kumbukeni uwanja wa Kasarani, Nairobi. Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, wanashinda, nchi imepata mzuka, wenye tiketi na wasio na tiketi wote wakakutana mlangoni, mageti yakavunjwa, CAF, shirikisho la soka Afrika, wakapiga faini na mechi na Zambia tarehe 17 Agosti wakapunguza watu mpaka 27,000, na waingie kwa tiketi za kielektroniki peke yake.

Waliolalamika siku ile walikua na hoja nzito. Aliyeadhibiwa ni shabiki aliyejipanga kununua tiketi yake, aliyeruka ukuta jina lake halijulikani hata leo. Na tiketi ya simu tu maana yake mzee mwenye simu ya vitochi anabaki kwenye redio, wakati mlanguzi mwenye simu tatu ananunua nyingi anakuja kuziuza bei mara mbili. Ukiongeza na mtandao kujam pale nje watu wote wanapofungua simu kwa pamoja, hilo limenikuta kwenye mechi moja kubwa, tiketi nimelipia lakini haifunguki, nyuma watu wanasukuma, mbele baunsa anasema pisha wengine, nipishe niende wapi sasa na kurudi nyuma haiwezekani.

Lakini hapo hapo kwenye kusukumwa ndo naona CAF nao hawakukurupuka. Sisi tumeshazika. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga na USM Alger ya Algeria pale uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, mtu mmoja alifariki na 30 wakaumia kwenye msongamano wa kuingia. Uwanja wa Olembe kule Yaoundé, Cameroon, Januari 2022 walikufa wanane, na rais wa CAF mwenyewe Motsepe akasema geti lililotakiwa kuwa wazi lilikua limefungwa. Accra, Ghana, mwaka 2001 polisi walirusha mabomu ya machozi jukwaani, watu wakakimbilia milango wakakuta imefungwa, 126 hawakurudi nyumbani.

Watu wengi wanadhani kwenye msongamano mtu anakufa kwa kukanyagwa, kumbe wengi wanakosa hewa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa hakipanuki. Wakishafika watu watano sita kwenye mita moja ya mraba mwili wako sio wako tena, unaenda unakopelekwa. Na aliye nyuma haoni chochote, anajua tu foleni haitembei na mpira unaanza, anasukuma kidogo, wa nyuma yake nae kidogo, na ule ukidogo wa watu elfu tatu ndo unaomfika mtoto aliyebanwa kwenye chuma. Kwahiyo kusema "mashabiki wetu hawana ustaarabu" naona ni kukwepa kazi. Waingereza walisema hivyo hivyo kwenye msongamano wa uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, watu 97 wamekufa lawama wakatupiwa mashabiki, ikachukua mpaka 2016 jopo la mahakama ya uchunguzi wa vifo kutamka kwamba mashabiki hawakua na kosa.

Mimi basi niko upande wa kuhesabu watu, tena kwa ukali, ila sikubali hesabu ipigwe mlangoni. Tiketi ikaguliwe mbali, mita mia kadhaa kabla ya geti, asiye nayo arudi mapema pakiwa bado na nafasi ya kugeuka, wa tiketi ya karatasi awe na njia yake, na muda wa kufungua milango utangazwe na ufuatwe. Kupunguza watu dakika za mwisho ndo kitu naona hakisaidii, maana wale elfu ishirini waliokatwa hawabaki nyumbani, wanakuja hivyo hivyo kujaribu bahati.

Na mazoezi tunayo bure. Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, inajaza kwa Mkapa karibu kila msimu, ni kipimo gani tena tunatafuta? Weka ukaguzi wa nje kwenye dabi moja tu, weka mtu mwenye saa ahesabu geti linapitisha watu wangapi kwa dakika, likipitisha kumi na waliopangiwa geti hilo ni elfu tano tutakua tunajua mapema kwamba lisaa limoja halitoshi, milango ifunguliwe asubuhi.