Acheni Kusugua Rupia za Mjerumani

Imepita tena picha ya rupia ya 1894 inayong'aa kama kijiko kipya, na chini yake muuzaji kaandika kwa fahari: imesafishwa, haina weusi hata kidogo.

1894, jamani! Mwaka ambao anayejaza seti ya rupia za kampuni (Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki), moja ya kila mwaka, huusubiri na kuusubiri. Sarafu imevuka zaidi ya karne, imepita vita kuu mbili, imeponea kwenye kalibu za masonara, halafu mtu kaimaliza kwa ndimu na majivu ndani ya dakika tano. Na anaomba alipwe zaidi kwa kazi hiyo.

Watu wanadhani ugumu wa kukamilisha seti hii ni uchache wa sarafu. Orodha yenyewe si ndefu. Rupia moja ya kampuni, ile yenye simba na mnazi, ilitolewa 1890 hadi 1894, ikarudi 1897 hadi 1902. Ya 1895 haipo, ya 1896 haipo, ya 1903 haipo. Ukiletewa mojawapo, irudishe bila kujadili bei. Nusu rupia ni za 1891, 1897 na 1901. Robo ni 1891, 1898 na 1901. Rupia mbili ni 1893 na 1894 tu, na hapo ndipo mifuko hutoboka. Kuanzia 1904 maandishi yanabadilika kuwa DEUTSCH OSTAFRIKA (Afrika Mashariki ya Kijerumani), rupia inagawanywa kwa heller 100, vijisarafu vyake, badala ya pesa 64, na upande wa thamani na mwaka panakaa herufi ndogo ya kiwanda kilichoigonga: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mfululizo huo unaishia 1914. Miaka kama 1905, 1906, 1911 na 1913 ina rupia za herufi zote mbili, kwa hiyo anayekwambia "1911 ninayo" hajakwambia kitu. Omba picha ya pande zote mbili. Na kabla hujanunua hata moja, amua kama seti yako inahesabu miaka tu au miaka na herufi, maana ukibadili nia katikati ya safari utajikuta unanunua upya ulichokwisha kupita.

Hayo yanajulikana na yanavumilika. Kisichovumilika ni kwamba katika zile chache zilizobaki, nyingi zimeshasuguliwa.

Tuelewane kuhusu weusi. Rupia hizi ni fedha ya 917 katika 1,000, iliyobaki ni shaba. Hewa ina salfa kidogo, salfa inashikana na fedha ya juu kabisa, na huo ndio utando mweusi au wa kahawia unaouona. Si uchafu uliokuja kukaa juu ya sarafu. Ni fedha ya sarafu yenyewe, iliyogeuka. Ukiuondoa umeondoa uso wa sarafu, na hakuna fundi duniani atakayeurudisha.

Kisha kuna mng'ao wa asili. Muhuri unapogonga kipande cha fedha, madini husukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni na kuacha mifereji midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mifereji hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke juu ya uso unapoinamisha sarafu taratibu chini ya taa, kama spoku za gurudumu. Majivu yana chembe ngumu. Dawa ya meno imetengenezwa ili ikwangue. Brashi ya waya sitaki hata kuitaja. Vyote hivyo vinaifuta mifereji na kuacha mikwaruzo mahali pake, na ukiinamisha sarafu hiyo mwanga hauzunguki tena. Unakaa palepale, mweupe, mfu. Hata ile mbinu ya karatasi ya alumini na magadi, inayosifiwa kuwa haikwangui, huirudisha fedha ikiwa na weupe wa chokaa usio na uhai. Na dawa za kuchovya za masonara hula kidogo kila zinapotumika.

Kuitambua iliyosuguliwa si kazi kubwa. Chukua kioo cha kukuzia cha mara 10 na taa moja ya pembeni. Tazama eneo tupu mbele ya uso wa Wilhelm, Kaisari wa Ujerumani: mistari myembamba iliyolala pamoja upande mmoja ni ya kitambaa au brashi. Mikwaruzo ya mzunguko wa kawaida haina mpangilio, kila mmoja unakwenda kwake. Tazama ndani ya herufi za GUILELMUS, jina lake kwa Kilatini, kama kuna unga mweupe uliokauka. Kisha linganisha shavu na tai wa kwenye helmeti na mabonde yaliyo chini yao. Sarafu iliyozeeka kwa haki ina sehemu za juu zilizo nyepesi na mabonde yaliyo meusi. Kama ina weupe ule ule kila mahali lakini nywele za masharubu zimelika, usidanganyike: hiyo imechakaa kwanza, ikasuguliwa baadaye.

Haya, nakubali jambo moja, kwa shingo upande. Kuna uchafu ambao lazima utoke. Ute wa kijani unaoachwa na mifuko ya plastiki laini unaendelea kula sarafu, huwezi kuuacha. Hapo tumia asetoni safi, si ile ya kutoa rangi ya kucha iliyotiwa manukato na mafuta. Fungua madirisha, zima kila chenye moto, tumia bakuli la kioo. Loweka kwa dakika 10, badilisha asetoni, rudia, suuza kwa maji yaliyokenekwa, kisha laza sarafu juu ya kitambaa laini na kuigusa-gusa tu. Usifute. Asetoni huondoa mafuta na ute. Utando mweusi haiugusi, na ndivyo inavyotakiwa.

Matundu na viungo vya lehemu vina historia yake, maana rupia nyingi zilivaliwa shingoni, na sina ugomvi na aliyezivaa. Ugomvi ni na anayeziba tundu na kunyamaza. Kagua juu ya kichwa karibu na ukingo, pande zote mbili: kiraka huwa na rangi tofauti kidogo, na meno ya ukingo hukatika hapo.

Za bandia zinakamatwa kwa maji. Rupia nzima ni gramu 11.66, iliyochakaa itapungua kidogo. Weka kikombe cha maji juu ya mizani inayosoma 0.01, irudishe sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini. Usomaji unapaswa kuwa karibu 1.13. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo upate takriban 10.3, yaani uzito wa fedha hiyo ukilinganishwa na wa maji. Shaba njano ya uzito huo huo itasoma karibu 1.37, jibu litoke 8.5, na kwenye 8.5 hakuna fedha ya 917. Viputo vya hewa hupandisha usomaji na kuichafulia jina sarafu halali, kwa hiyo vitikise vitoke. Kwenye robo rupia, ya gramu 2.92, kosa la 0.01 tu linapotosha jibu kwa zaidi ya asilimia 3, basi pima mara kadhaa.

Kuhifadhi: vikasha vya plastiki ngumu, mbali na mipira ya kufungia pesa na vitambaa vya sufu, maana vyote vina salfa.

Na ile 1894 iliyosuguliwa? Kama bei imeshuka kweli kweli, ichukue ishikilie nafasi, andika kwenye kibandiko "imesuguliwa" kwa herufi zinazosomeka, na siku utakapoiuza uiuze na kibandiko chake. Kama muuzaji anang'ang'ania bei ya nzima, acha nafasi ya 1894 wazi kati ya 1893 na 1897.