Turubai katikati ya barabara, nani ana haki na mtaa?

Jumamosi moja mtaani kwetu Mwananyamala, hapa Dar es Salaam, barabara ilifungwa toka asubuhi, maturubai mawili yameunganishwa, viti vya plastiki vimepangwa mpaka ukingo wa mtaro, spika mbili kubwa kama kabati. Ilikuwa shughuli ya kumtoa mwali. Saa mbili usiku ikaja bajaji imembeba mama ameshikwa na uchungu anawahishwa hospitali, dereva anapiga honi haisikiki, basi mama wa makamo aliyekuwa amekaa nae nyuma akashuka akaanza kupiga kelele "jamani njia! njia, tuna mzazi huku!" Muziki ukazimwa. Akinamama na sare zao za vijora wakabeba viti vichwani, vijana wanne wakachomoa chuma cha turubai wakakinyanyua juu kwa mikono na bajaji ikapita chini taratibu huku kitambaa kinaburuzika kwenye paa lake. Kama dakika nne hivi. Mama alijifungua salama, alhamdulillah.

Toka siku hiyo mtaa umegawanyika. Kuna wanaosema shughuli za barabarani zipigwe marufuku kabisa, dakika nne zingeweza kuwa roho ya mtu. Na kuna wanaosema si mmeona wenyewe watu walivyofungua njia, nani mwingine angefanya hivyo kama sio majirani? Mi nimewasikiliza wote kwa sababu wote ni watu wangu, na baba yangu alipofariki turubai lilikaa hapo hapo barabarani siku tatu na hakuna hata mmoja aliyeninunia.

Tuanze na wenye shughuli. Nyumba zetu zinajulikana, vyumba sita, korido katikati, uani choo na jiko, wapangaji kila chumba, hapo utaweka wapi wageni mia mbili? Ukumbi ni hela, na ukishalipa ukumbi unaambiwa saa sita mwisho, chakula usilete cha nje, na watu wako wa mtaani nauli ya kwenda na kurudi wanaitoa wapi. Wahenga wa huku wanasema shughuli ni watu, sasa watu wenyewe ndo hawa wa hapa, aliyekatakata vitunguu toka alfajiri, aliyeazima sufuria, mtoto aliyetumwa barafu mara tano. Msiba ndo kabisa. Msiba hauombi miadi, mtu anafariki saa kumi usiku na saa moja asubuhi jamvi liko chini, wanaume wamekaa nje na daftari la rambirambi linazunguka. Ukiwaambia hao waende ukumbini unakuwa umewatenganisha na nyumba aliyotoka marehemu, na hilo mi siwezi kulikubali.

Afu kuna wanaokula kupitia hiyo shughuli, mwenye maturubai na viti vya kukodisha, mpishi wa pilau, kijana wa muziki, wa jenereta, mama wa bagia pale pembeni.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba tusiseme tu kwamba watu wana roho mbaya. Jirani yangu mmoja ni nesi, anaingia zamu ya usiku, mchana ndo muda wake wa kulala, na kuelekea Ramadhani kwenye wiki za vunja jungu harusi zinafuatana mpaka analala na pamba masikioni. Kuna watoto wa darasa la saba wanaofanya mtihani mwezi wa tisa, kuna wazee wa presha. Kuna dereva wa bajaji ambaye kila barabara ikifungwa anazunguka kilomita nzima na mafuta ni yake. Na moto je? Nyumba zimebanana bati kwa bati, ukipiga 114 zimamoto waje, gari lao halinyanyuliwi turubai likapita chini kama bajaji.

Kisheria pia hawa wana hoja. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kuziba barabara anavyojisikia, na kelele zina kanuni zake za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira. Vigodoro, yaani ngoma za mtaani za usiku kucha, vimepigwa marufuku na viongozi wa wilaya mara nyingi tu hapa Dar, kila baada ya muda tamko linatoka na baada ya muda ngoma inarudi.

Ila kuna kitu naona pande zote mbili hawakisemi. Desturi yetu ya kufunga turubai nje haijabadilika, kilichobadilika ni barabara. Zamani njia hii ilikuwa vumbi na madimbwi, mvua za masika zikinyesha hata baiskeli inasukumwa, hakuna mgeni aliyepita huku labda awe amepotea. Ile ilikuwa ua wetu. Watoto walicheza rede pale, wazee walicheza bao pale, na turubai likisimama limesimama uani kwetu, halimzuii mtu. Kisha ukaja DMDP, mradi wa kuboresha jiji la Dar es Salaam, uliojenga lami, mitaro na taa kwenye mitaa ya namna yetu, Tandale, Mburahati, huku kwetu, na kwa kweli tulishukuru, maji yalikuwa yanaingia mpaka chini ya vitanda. Lakini lami ikaja na watu wake. Wenye magari wanaokwepa foleni za barabara kubwa wakagundua njia, bodaboda wakagundua, ua wetu ukawa barabara ya watu ambao hawajui hata jina la mjumbe wetu. Ndo maana anayepita na gari anaona amezibiwa njia yake na anayefunga turubai anaona mgeni anamfokea nyumbani kwake, na kila mmoja anasema kweli kabisa kutoka pale aliposimama.

Kwa hiyo mi sikubaliani na marufuku. Marufuku itamuumiza asiye na hela ya ukumbi peke yake, mwenye nazo hata hatajua kama imepita. Lakini sikubaliani pia na hili la "mtaa ni wetu tutafanya tunavyotaka", maana lami ile imejengwa kwa mkopo ambao nchi nzima inalipa, sio sisi wa mtaa huu tu.

Na nasema wazi kwamba msiba na sherehe visiwekwe kapu moja. Msiba haukupangwa, upewe barabara na mpita njia avumilie siku mbili tatu. Sherehe imepangwa miezi, kadi za mchango zimezungushwa, sare zimeshonwa, inakuwaje mtu akumbuke kila kitu mpaka rangi ya maua asikumbuke kumwambia jirani mwenye mgonjwa ndani? Hapo ndo panaponiuma. Zamani mama zetu walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba siku ya Alhamisi, "jamani Jumamosi nina jambo langu, mtanivumilia", ukishaambiwa hivyo hata muziki unakuwa wa kwako. Siku hizi kibali kinachukuliwa ofisi ya serikali ya mtaa, karatasi inagongwa muhuri, na mwenye shughuli anaona ameshamaliza, wakati mpangaji wa nyumba ya tatu anajua kuna sherehe pale anapoona chuma kinashushwa mlangoni kwake.

Jumapili tuna mkutano wa mtaa na hili limo kwenye ajenda. Nitaomba mambo matatu tu. Turubai la sherehe liegemee upande mmoja na upande wa pili ubaki mita tatu wazi, gari la wagonjwa lipite bila mtu kunyanyua chochote. Muziki uzimwe saa nne usiku, waliobaki waendelee kula na kuongea. Na kabla ya muhuri kugongwa, mwenye shughuli alete majina ya nyumba kumi alizopita kutoa taarifa, kumi tu, tano mkono huu na tano mkono ule.