Rivolva Rahisi na Chumvi ya Malindi

Mwezi uliopita shemeji yangu, mwenye duka la jumla hapa Malindi, alinijia nyumbani baada ya magharibi akiwa na picha kwenye simu. Ombi lake la cheti cha silaha lilikuwa limepita, baada ya safari ndefu ya fomu, alama za vidole na mahojiano, na sasa kilichobaki ni kuchagua silaha yenyewe. Picha ilionyesha rivolva (bastola inayobeba risasi kwenye silinda inayozunguka) iliyotumika, yenye mtutu wa inchi 2, silinda ya matundu matano na mpini wa mbao uliochubuka. Mwuzaji wa Mombasa, mwenye leseni yake halali, alikuwa ameitajia bei isiyofika nusu ya bei ya mpya. "Shemeji, ni ndogo, ni rahisi, na risasi tano zanitosha," aliniambia.

Mimi nimemiliki silaha kwa cheti kwa miaka tisa, na sina ugomvi na mfanyabiashara anayetaka kujilinda kwa kufuata sheria. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba bastola ndogo kuliko zote dukani, tena kuukuu, ndiyo inayomfaa mtu anayeanza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na katika mji kama wetu ugumu wake huongezeka.

Umbo hilo lina asili yake. Kampuni ya Colt ya Marekani ilitoa Detective Special mwaka 1927, yenye silinda ya risasi sita, na Smith & Wesson ikafuata mwaka 1950 na Chiefs Special ya risasi tano, ambayo tangu mwaka 1957 hujulikana kama Model 36. Zote mbili hutumia risasi ya .38 Special. Kama jina la ile ya Colt linavyoonyesha, walengwa walikuwa makachero, wale tunaowaita askari kanzu, watu waliohitaji kuficha silaha chini ya koti siku nzima na ambao walikuwa wamefundishwa kuitumia. Shemeji yangu hana koti, wala hakuna mtu wa Malindi anayevaa koti mwezi wa Februari. Siku za kazi huvaa shati jepesi, na Ijumaa huvaa kanzu, vazi ambalo, licha ya jina la askari wale, halina mshipi wala mahali pa heshima pa kutia chuma cha nusu kilo.

Ufupi wa mtutu huleta gharama ambayo haiandikwi kwenye kibandiko cha bei. Alama ya kulengea ya mbele na ile ya nyuma hukaribiana sana, kwa hiyo kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Kuvuta kifyatuo bila kwanza kuirudisha nyuma kwa kidole gumba nyundo, kile kipande kinachoigonga risasi, huhitaji nguvu ya kama kilo tano, ilhali silaha yenyewe ina uzito wa nusu kilo na kitu, na matokeo yake ni kwamba kidole huivuta bastola nzima kabla risasi haijatoka. Kisha, risasi ikitoka, bastola hupiga teke, yaani huruka nyuma mkononi. Mara ya kwanza nilipojaribu moja ya aina hiyo kwenye uwanja wa shabaha, nikiwa tayari nimezoea bastola kubwa zaidi, nilisimama mita saba kutoka kwenye karatasi na risasi mbili kati ya tano hazikuigusa kabisa. Mita saba ni upana wa barabara nyembamba. Ningependa kila anayesema risasi tano zinamtosha ajiulize kwanza hizo mbili zangu zingeishia kwa nani, katika mtaa ambao watoto hucheza nje hadi isha.

Halafu kuna chumvi. Sisi tunaoishi hapa tunajua jinsi upepo wa bahari unavyokula bawaba za milango na mabati, na pikipiki iliyonunuliwa bara ikiwa mpya huota kutu kwenye ekzosi kabla ya mwaka kwisha. Rangi nyeusi ya samawati iliyo juu ya chuma cha rivolva ya zamani si rangi ya kupaka. Ni tabaka jembamba mno lililotengenezwa juu ya chuma chenyewe, nalo huzuia kutu kidogo tu iwapo mafuta hayapakwi juu yake mara kwa mara. Mtu anayeibeba karibu na mwili huongeza jasho, ambalo nalo lina chumvi yake. Wengi hudhani ala ya ngozi ni kinga, kumbe ngozi hushika unyevunyevu, na bastola inayolala ndani ya ala usiku kucha huota madoa upande ule usioonekana. Zipo zilizotengenezwa kwa fremu ya alumini, ambayo haioti kutu ya aina hiyo, lakini wepesi wake huzidisha lile teke, na mtutu na silinda kwa kawaida hubaki chuma kilekile.

Kwa hiyo nilimwambia tusinunue picha. Tulipanda matatu alfajiri hadi Mombasa, na mwuzaji, mtu mpole kwa kweli, akatutolea silaha mezani. Nilithibitisha kwanza kwamba haina risasi, tundu kwa tundu, kisha nikamwomba ruhusa ya kuikagua. Kwa nje ilikuwa imepakwa mafuta hadi inang'aa. Nilipomulika ndani ya mtutu kwa tochi ya simu niliona vijishimo vya kutu karibu na mdomo, jambo ambalo peke yake lisingenifanya niikatae. Nikairudisha nyundo polepole huku nikiizuia silinda kidogo kwa kidole. Silinda isiyo na hitilafu hutakiwa kufika mahali pake na kufunga kabla nyundo haijafika mwisho, ili tundu lilingane sawasawa na mtutu. Matundu matatu yalifunga. Mawili hayakufunga, na nyundo ilisimama huku silinda ikiwa bado na mwendo wa unywele. Silaha ya namna hiyo inapofyatuliwa, risasi huingia mtutuni kwa upande, na vipande vya risasi huweza kuruka kupitia ule mwanya ulio kati ya silinda na mtutu, yaani kwenye mkono au uso wa mpigaji mwenyewe au wa aliyesimama pembeni.

Nilimwonyesha mwuzaji. Akajibu kwamba bastola za zamani ndivyo zilivyo. Hapana, sivyo zilivyo. Rivolva ya chuma iliyotunzwa huweza kupita mikono ya watu wawili watatu na bado ikafunga kama siku ilipotoka kiwandani, na ndiyo maana silaha iliyotumika si jambo baya kwa asili yake. Ubaya ni kununua bei. Wazee husema rahisi huvunja upishi, lakini kwenye upishi hasara ni sufuria moja ya pilau.

Hapa ndipo sheria yetu inapoingia kwa namna ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii. Nchini Kenya cheti hutaja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Huwezi kununua hii leo, ukaichoka, ukaibadilisha wiki ijayo kama simu. Mwaka 2018 serikali iliamuru wenye silaha wote wakaguliwe upya, na waliokuwa na vyeti vya miaka mingi wakapanga foleni pamoja na sisi wengine. Ukiongeza sefu ya kufungia ndani ya nyumba yenye wajukuu na wageni, ada, nauli, na risasi za mazoezi ambazo hazipatikani kwa bei ya karanga, ile nusu bei iliyookolewa mezani huwa imemezwa mapema sana.

Ushauri niliompa shemeji ni kwamba, akishikilia kununua iliyotumika, atafute rivolva ya chuma ya kimo cha kati yenye mtutu wa inchi 4, kama zile za Model 10 za Smith & Wesson ambazo polisi wa nchi nyingi walizitumia. Haifichiki vizuri, na hiyo kwangu ni faida, kwa sababu kazi yake itakuwa kukaa ndani ya sefu ya duka. Mtutu wa inchi 2 aungoje hadi mkono wake uzoee. Wakati huohuo ameanza kupeleka mauzo benki saa nne asubuhi badala ya kutembea nayo magharibi, mabadiliko ambayo hayakuhitaji cheti.

Juzi mwuzaji alimpigia simu kumwambia kwamba bei imeshuka tena. Shemeji akamwuliza kama silinda imetengenezwa. Akajibiwa kwamba imetiwa mafuta.